Bunduki Haikuwa na Kosa

Kwa muda mrefu nimewaambia watu kwamba bunduki yangu ya kale, Mauser ya muundo wa 1871, ilipasuka kwa sababu ya uzee. Nilimwambia hivyo dada yangu, nikawaambia wenzangu wa uwanja wa shabaha, nikamwambia hata mpwa wangu ambaye ndiye aliyekuwa ameishika. Nilisema chuma cha karne ya kumi na tisa hakiaminiki, kinachoka ndani kwa ndani na jicho halioni. Watu wakaniamini kwa sababu ni maneno yanayoingia akilini. Si ya kweli. Chuma kilikuwa kizima. Kilichoivunja bunduki ile ni risasi niliyoijaza mimi mwenyewe, nyumbani kwangu, na nililijua hilo usiku wa siku ileile.

Nimezaliwa Tanga, na sasa naishi Pennsylvania, Marekani. Mtoto wa Tanga hukua akisikia habari za vita ya Novemba 1914, Waingereza waliposhuka na jeshi kutoka India wakarudishwa melini baada ya siku chache. Wazee walitusimulia juu ya maaskari, nami nilitaka kujua walishika nini mikononi. Baadaye nikasoma. Kompania nyingi za maaskari wa Kiafrika waliokuwa chini ya kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, zilikuwa bado na Mauser ya 1871, bunduki ya risasi mojamoja inayotumia baruti nyeusi. Kila ikilia inatoa wingu jeupe, na adui anajua pa kulenga. Walipigana hivyo, moshi ukiwaumbua, mpaka Waingereza walipoondoka na kuacha nyuma bunduki za kisasa za kutosha kompania tatu, risasi 600,000 na bombomu 16.

Nilipoiona bunduki ya aina hiyo inauzwa huku niliko, sikusita. Hii yangu haikuwahi kufika Afrika, nakiri. Ilikuwa ya jeshi la miguu la Wajerumani, ndugu tu wa zile za Tanga. Sheria ya shirikisho ya Marekani haiihesabu kuwa silaha, kwa sababu imetengenezwa kabla ya 1899, kwa hiyo kuinunua hakukuwa na mlolongo. Mlolongo ulikuwa kwenye risasi. Risasi ya milimita 11 ya Mauser haipatikani dukani kama ya bastola. Mwenye bunduki hiyo hujaza mwenyewe: anaokota ganda lililokwisha kupigwa, analisafisha, anabadilisha fataki, anatia baruti, anashindilia kichwa cha risasi alichokisubu kwa kuyeyusha madini. Ni kazi ya utulivu na niliipenda. Naipenda hata sasa.

Halafu ukaja uhaba. Mwaka 2020 korona iliingia, maandamano yakafuata, uchaguzi ukakaribia, na Wamarekani wakakimbilia madukani. Mwaka huo FBI ilifanya ukaguzi wa watu unaohusu silaha karibu milioni 39.7, kiasi ambacho hakikuwahi kufikiwa kabla. Mwezi wa Julai kampuni ya Remington, moja ya chache zilizokuwa zikitengeneza fataki nchini, ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Biashara yake ya risasi, pamoja na kiwanda cha Lonoke kule Arkansas, ikanunuliwa na Vista Outdoor. Viwanda vilivyobaki vilielekeza mitambo kwenye risasi zinazonunuliwa na wengi, za milimita 9 na 5.56. Sisi wa bunduki za kale tulikuwa nyuma kabisa ya foleni. Fataki ambazo zamani ulizinunua bila kuzifikiria zikawa kitu cha kuulizana kwa kunong'ona. Niliwahi kuendesha gari asubuhi nzima kwa sababu mtu alisema ameona kasha moja kwenye duka la vifaa vya uvuvi, nikafika nikakuta rafu tupu na kikaratasi kinachosema kila mteja ataruhusiwa moja tu.

Septemba 2021 likatujia pigo kubwa zaidi. Kampuni ya Hodgdon ilitangaza kufunga kiwanda cha Goex kilichoko Minden, Louisiana, kiwanda ambacho ndicho kilikuwa kikitengeneza baruti nyeusi hapa nchini. Baruti iliyokuwa madukani ikanunuliwa yote haraka. Mwanzoni mwa 2022 kiwanda kilichukuliwa na Estes, watu wanaojulikana kwa roketi ndogo za kuchezea, ambazo nazo huruka kwa baruti nyeusi, na uzalishaji ukarudi baadaye. Maana yake ni kwamba nilichotakiwa kufanya ni kusubiri tu. Hakuna vita iliyoningoja. Hakuna mtu ambaye angelala njaa kwa sababu mimi sikulenga shabaha.

Sikusubiri. Nilikuwa na kopo la baruti ya kisasa, ile isiyo na moshi, nikaamua kuitumia.

Nieleze hapa vizuri, maana kosa lote limo humu. Ganda la risasi ya Mauser ya 1871 lilibuniwa kwa gramu 5 za baruti nyeusi. Zikishaingia, ganda limejaa. Kichwa kikishindiliwa kinaibana baruti kidogo, basi. Hata ukiwa msahaulifu kiasi gani huwezi kulitia ganda hilo mara mbili, kwa sababu kipimo cha pili kitamwagika mezani mbele ya macho yako. Wajerumani walioibuni bunduki hiyo hawakuhitaji kumwonya mtu juu ya jambo ambalo ganda lenyewe linalizuia. Baruti isiyo na moshi ina nguvu nyingi zaidi kwa uzito uleule, kwa hiyo inayotiwa ni kidogo tu; inakaa chini kabisa, na juu yake kunabaki pengo. Tia mara mbili, pengo bado lipo. Ukichungulia bila tochi, ganda lenye kipimo kimoja na lenye viwili yanafanana. Tena baruti hiyo husukuma kwa namna ambayo bunduki ile haikutengenezwa kuihimili, maana komeo lake linashikiliwa mahali pamoja tu, na gesi ikivuja haina njia nyingine isipokuwa kurudi nyuma kwenye uso wa mpigaji.

Haya yote niliyajua. Yameandikwa katika kila kitabu cha kazi hii. Kuna mzee mmoja uwanjani kwetu, Mmarekani aliyeanza kujaza risasi tangu ujana wake, ambaye nilimuuliza maoni. Alinijibu kwamba kama baruti nyeusi hakuna, niiache bunduki ukutani. Nikamshukuru, nikaenda nyumbani, nikafanya nilichotaka. Nilijiambia kwamba yeye ni mwoga wa mambo mapya.

Jioni niliyojaza risasi zile nilikuwa gereji, maganda yamesimama kwenye ubao wenye matundu, faneli mkononi, mizani pembeni. Nilikuwa katikati ya safu simu ilipoita. Dada yangu kutoka Tanga, juu ya dawa za mama. Nikaweka faneli chini, nikasimama, nikazungumza naye nikitembea huku na huku. Niliporudi mezani sikujua nimeishia ganda lipi. Faneli nilikuwa nimeiweka juu ya ganda moja, lakini sikukumbuka kama ganda hilo nimeshalitia au nilikuwa nataka kulitia. Hapo ndipo mtu anayejua kazi humwaga safu nzima na kuanza upya. Ni kazi ya dakika chache. Mimi nilikisia. Tochi ilikuwa kwenye droo, sikuifungua droo. Nikashindilia vichwa vyote, nikapanga risasi kwenye makasha, nikaenda kulala nikiwa nimeridhika kwamba nimeushinda uhaba.

Mpwa wangu alikuja kunitembelea kutoka chuoni. Alikuwa hajawahi kushika bunduki, nami nilitaka aijue historia ya mji wetu kwa mikono yake. Nilimpa miwani ya kinga na vizibo vya masikio, nikamwonyesha namna ya kukaza kitako begani. Akapiga risasi ya kwanza, akafurahi. Akapiga nyingine. Akaniuliza, "Mjomba, mbona hakuna ule moshi ulionisimulia?" Nikamjibu kwamba hii ni baruti safi zaidi. Nilisema neno "safi" kwa kujivuna.

Iliyofuata haikulia kama zilizotangulia. Ulikuwa mlio mkali, mfupi, kisha yeye akawa amekaa chini ameshika uso. Kitako kilikuwa kimepasuka pale mkono unaposhika, kile kipande cha chuma cha kuvutia ganda kimeruka hakijaonekana mpaka leo, na ganda lenyewe limechanika kwa nyuma. Vichembe vya shaba viliingia shavuni mwake na kwenye kope. Lenzi ya kulia ya miwani ilikuwa na alama mbili zilizochimbika, zote mbele ya mboni. Kidole gumba kilivunjika. Alishonwa, akapona, anaona vizuri, namshukuru Mungu. Kovu la shavuni analo.

Tukiwa bado uwanjani, kabla gari la wagonjwa halijafika, yule mzee alikuja akaiokota bunduki. Akaniuliza nimejaza nini. Nikamwambia baruti nyeusi. Akaingiza kidole mdomoni mwa mtutu, akakitoa, akakitazama. Baruti nyeusi huacha masizi mazito na harufu ya kiberiti isiyofichika. Kidole chake kilikuwa karibu kisafi. Hakusema neno. Akanirudishia bunduki, akaenda kukaa na mpwa wangu.

Usiku ule nilizivunja risasi zilizobaki za kasha lile, moja baada ya nyingine, nikaweka baruti ya kila moja kwenye mizani. Zote zilikuwa sawa isipokuwa moja. Hiyo moja haikuwa na baruti hata chembe. Ilikuwa na fataki na kichwa, ndani patupu. Nilikaa nayo mezani muda mrefu. Baruti yake ilikuwa imeingia kwenye ganda la jirani yake, na jirani yake ndilo alilolipiga mtoto wa dada yangu. Kesho yake dada alinipigia simu akiuliza imekuwaje, nikamwambia, "Ni uzee wa bunduki."

Lipo jambo nililolisoma zamani ambalo sasa linanichoma kila nikilikumbuka. Aprili 1915 meli ya Kijerumani iitwayo Rubens, iliyojifanya ya Kidenmaki, iliingia ghuba ya Manza kaskazini ya Tanga ikiwa imebeba silaha. Manowari ya Kiingereza ikaishambulia, Rubens ikazama kwenye maji ya kina kifupi, na Wajerumani wakaopoa sehemu kubwa ya shehena. Risasi zilikuwa zimeloa maji ya chumvi. Baruti na fataki zikazidi kuharibika, risasi nyingi zikawa hazilii. Basi pale mjini Moshi Mpya maaskari na wapagazi waliwekwa kazini kwa miezi, asubuhi hadi jioni: kufungua kila risasi, kusafisha baruti, kubadilisha fataki pale ilipobidi kwa zilizopatikana humuhumu nchini, ambazo hata muundo wake ulikuwa tofauti, kisha kufunga upya. Zilizosalimika kabisa zikawekewa bombomu. Zilizojazwa upya zikajaribiwa: zile ambazo zilikataa kulia kama 20 kwa kila 100 zikapelekwa vitani, zilizokataa zaidi zikawa za mazoezi.

Wengi wa watu wale hakuna aliyeandika majina yao. Walikuwa na uhaba wa kweli, na maadui wanawakaribia, na vita isiyokuwa yao. Hata hivyo walifungua, wakakagua, wakajaribu, wakatenga. Mimi nilikuwa na taa nzuri, mizani, vitabu na muda wote duniani. Nilitumia historia yao kuwavutia wageni uwanjani, na kazi yao sikuifuata.

Nimeshamweleza mpwa wangu. Alinyamaza, kisha akauliza, "Kwa nini ulisema chuma, Mjomba?" Sikuwa na jibu la kumpa isipokuwa kwamba niliogopa. Dada yangu nimemweleza pia, na kwa sasa hazungumzi nami, na ana haki. Yule mzee nilimfuata nyumbani kwake. Aliniuliza kitu kimoja tu: risasi nyingine za mkono huo ziko wapi?

Hilo ndilo nililolificha kuliko yote. Wakati wa uhaba niliwagawia wenzangu wenye Mauser kama yangu, bila malipo, na walinishukuru sana. Makasha ni ya kadibodi ya kahawia, juu yameandikwa kwa kalamu nyekundu "71" na mwezi wa kujazwa. Kwa muda wote niliokuwa nalaumu chuma, makasha hayo yalikuwa kwenye makabati ya watu. Nimeanza kuwapigia simu mmoja mmoja. Baadhi wamerudisha, baadhi wamesema walishazipiga zote salama, wapo ambao wamehama na wengine waliwapa watu nisiowajua. Ukilikuta kasha la namna hiyo, usipige hata moja, na usijaribu kuchagua kwa kuzitikisa sikioni. Niletee, au mpelekee fundi wa risasi unayemwamini azifungue.

Msiba wa namna hii ukikufikia kutokana na mojawapo ya hizo, bunduki yako isilaumiwe. Nilaumiwe mimi.