Kuchagua Kinanda cha Taarab

Neno kinanda limebeba mengi katika Kiswahili. Kuna wakati lilitajwa kwa ala ndogo ya nyuzi, jamaa ya gambusi. Likahamia kwenye kile cha mvukuto kilichotoka Bara Hindi, likaenda kwenye piano, na ilipoingia santuri nayo ikaitwa kinanda, kana kwamba kila kitoacho sauti tamu pasipo koo la mtu hakina budi kuitwa hivyo. Siku hizi mtu akisema Unguja, Tanga au Mombasa kwamba fulani ni mpiga kinanda, anayesikia huona kitu kimoja tu: ubao mweusi wa plastiki wenye vibao vyeupe na vyeusi, umechomekwa kwenye umeme, na nyuma yake mtu mmoja anayefanya kazi iliyokuwa ikifanywa na watu kumi.

Mazungumzo ya wapigaji kuhusu ununuzi wa chombo hicho aghalabu huwa mafupi. Kina sauti ngapi? Kina midundo mingapi? Kinauzwa kiasi gani Dubai, na kiasi gani Kariakoo? Kinapokea flashi? Baada ya hapo huja habari ya spika na, ikiwa pesa imebaki, efekti. Maswali hayo si mabaya, ila yameanzia katikati. Lililo la mwanzo ni hili: je, kinaijua Rast?

Mpenzi wa mashairi atalielewa jambo hili upesi kuliko watu wengine, kwani anajua kwamba kina kinachokaribia si kina. Kinanda huigawa ngazi ya sauti, tangu do hadi do ya juu yake, katika sehemu 12 zilizo sawa. Taarab ilirithi kutoka Misri maqamu ambazo baadhi ya noti zake hukaa katikati ya sehemu hizo. Katika Rast inayoanzia do, noti ya tatu na ya saba hushuka kiasi cha robo sauti, yaani nusu ya hatua moja ya kinanda. Haiwi ile ya kibao cheupe wala ile ya kibao cheusi kilicho chini yake. Bayati inayoanzia re ina noti ya pili ya namna hiyo hiyo. Hijaz, Nahawand na Kurd hazina taabu kubwa; hupigika, walau kwa kukaribia, kwenye kinanda chochote kile. Si ajabu basi kwamba mtunzi anayetungia kwenye kinanda cha kawaida huvutwa upande wa hizo tatu bila ya mwenyewe kutambua, na baada ya miaka kumi hujikuta hajatunga Bayati hata moja.

Kwa nini uzito wote huu uwekwe juu ya chombo kimoja? Kwa sababu ndicho pekee kisichosogea. Shingo ya udi ni laini tangu juu hadi chini. Kidole huteleza na kusimama kipendapo. Fidla vivyo hivyo. Ganuni ina vijipande vidogo vya chuma ambavyo mpigaji huviinua na kuvilaza kwa mkono wa kushoto. Mpiga nai hugeuza midomo. Mwimbaji ndiye aliye huru kuliko wote. Kundi la Ikhwan Safaa, lililoanzishwa Unguja mwaka 1905, lilikulia katika ala za aina hiyo, na Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurikodi mwaka 1928 alifuatana na wapigaji wa udi na fidla. Panapokuwa na watu wanane wanaoweza kusogea na mmoja asiyeweza, wanane ndio watakaomfuata mmoja. Anayechagua kinanda, kwa hiyo, anawachagulia wenziwe wote, na mwimbaji miongoni mwao, noti watakazoruhusiwa kuzitoa.

Ugomvi huu haukuanza visiwani. Mwaka 1932, mabingwa walipokutana Cairo kuujadili muziki wa Kiarabu, piano ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowagawa: wako walioiona ni maendeleo, na wako walioiona ni mgeni atakayewafukuza wenyeji nyumbani kwao. Huko India, Redio ya taifa ilikipiga marufuku kinanda cha mvukuto mwaka 1940, kwa hoja iliyo ndugu na hii ya kwetu, na haikuanza kulegeza mpaka 1971. (Marufuku hayo hayakumzuia Juma Bhalo wa Mombasa kukipiga kinanda hicho hicho na kupendwa nacho pwani nzima, sheria ya redio ni kitu kimoja, na sikio la watu ni kingine.) Mafundi wa Misri walipita njia ya busara zaidi. Walifungua akodioni, wakakwangua vijilimi vya chuma vilivyomo ndani, mpaka ikatoa robo sauti. Hawakuikataa ala ya kigeni, wala hawakuipokea kama ilivyokuja.

Kuna kijana mmoja wa Ng'ambo, mpiga kinanda wa kundi la arusini, ambaye kabla ya kununua chake mwenyewe alikibeba cha kuazima hadi kwa mzee aliyepiga fidla kwa miaka mingi katika makundi ya zamani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Haya, chomeka hilo jini lako. Nipigie Rast."

Kijana akapanda ngazi polepole. Mzee akainua mkono.

"Hapo pa tatu. Rudia." Akarudia. "Hiyo ni nyimbo ya skuli. Rast haikanyagi pale. Inapita chini kidogo."

"Hakina, Mwalimu. Baina ya kibao hiki na hiki hamna kitu."

"Sawa, hakina. Na mimi na fidla yangu tuhamie wapi?"

Kisha akaichukua fidla, akaishika noti yake, akamwambia kijana aishike ya kinanda pamoja naye. Sauti zikaanza kutetemeka, kama mlango unaogongwa na upepo. Jambo hilo lina hesabu yake. Mi ya tabaka la kati hutikisika takriban mara 330 kwa sekunde. Ile iliyoshuka robo hutikisika takriban mara 320. Tofauti yake ndiyo inayosikika, mapigo tisa hadi kumi kwa kila sekunde, na hakuna ustadi wa mpigaji unaoweza kuyaondoa. Mmoja hana budi kuhama. Miaka hii, makundi mengi yamekwisha kuamua ni nani: mpiga fidla huhama kwanza noti, halafu huhama kundi.

Hapa inafaa kuwa waadilifu. Tangu miaka ya 1990, makundi kama East African Melody yalipofungua njia ya taarab ya kisasa, kinanda kimewalisha watu wengi. Malipo ya arusi moja yakigawiwa watu 20 hayamfikishi mtu kokote. Yakigawiwa watano, hufika nyumbani. Kijana yule hakuwa na uwezo wa kuliajiri kundi zima la Kimisri, na si haki kumdai. Alichoweza ni kununua chombo ambacho, siku mzee wa fidla atakapokuja, kitakuwa na mahali pa kumweka.

Na vyombo hivyo vipo. Yamaha imetoa jamii ya PSR-A, na Korg imetoa matoleo ya jamii yake ya Pa, kwa kuwakusudia wapigaji wa nchi za Kiarabu. Juu ya ubao kuna vitufe vya kuishusha kila noti peke yake. Hata vinanda vingi vya kawaida vina uwezo huo, ila umefichwa ndani kabisa ya menyu, na muuzaji hana habari nao. Asiyeuona dukani asikubali kuambiwa upo. Tena haitoshi kwamba chombo kinashusha robo iliyo kamili, senti 50 barabara. Wapigaji wa asili hawaiweki mi ya Rast na mi ya Bayati mahali pamoja. Ya Bayati hukaa chini zaidi. Kinanda kizuri ni kile kinachokubali kusogezwa senti moja moja kwa kulifuata sikio, kisha kikakumbuka, na kikarudisha kwa kitufe kimoja. Wimbo unapotoka Bayati kwenda Ajam katikati ya ubeti, kibao kile kile kinatakiwa kitoe noti nyingine, na mwimbaji hangoji mtu apekue menyu.

Mengine ni mepesi. Vibao 61 vinatosha. Vile 88 vizito vya piano huchosha mkono katika vitetemo vya taarab, na huchosha mgongo bandarini kwa mtu anayevuka kwenda Pemba. Gurudumu la kupindisha sauti liwe laini, maana ndilo linalomwezesha mpigaji kuteleza kama nai. Sauti ya fidla iliyomo ndani isimshughulishe mtu sana: ni asumini ya plastiki, hainyauki wala hainukii. Sauti za akodioni na za ogani, ambazo kinanda huziiga kwa heshima zaidi, ndizo za kusikilizwa kwa makini.

Ama spika, kosa linaloonekana sana ni kuchomeka kinanda kwenye amplifaya ya gitaa. Spika ya gitaa hupunguza kwa makusudi sauti zinazopita hezi 5,000 hivi, kwa kuwa gitaa la umeme hupendeza zaidi hivyo. Kinanda hutoka humo kama mtu anayesema huku amefunikwa shuka. Chenyewe kinataka spika ya inchi 12 au 15 kwa sauti za chini, pamoja na tweta kwa za juu. Kuhusu wati, wauzaji hucheza na ujinga wa wanunuzi. Kutoka wati 100 kwenda 200 ni ongezeko la desibeli 3 tu, ambalo sikio hulitambua kwa shida. Ili sauti isikike maradufu, nguvu hutakiwa kuzidi mara 10 hivi. Uwanjani, kila umbali ukizidi mara mbili sauti hupungua desibeli 6. Mwenye akili huinua spika juu ya vichwa vya watu na kuzisogeza mbele ya maikrofoni kabla hajafikiria kununua nyingine.

Lakini kwa wasomaji wa kurasa hizi liko kubwa zaidi ya wati, nalo ni neno. Taarab ni shairi kwanza. Kinachotenga neno na neno aghalabu ni konsonanti, na nyingi katika hizo hutambulikana kwa sauti zilizo baina ya hezi 2,000 na 4,000, mahali pale pale ambapo nyuzi za bandia za kinanda hung'ara kwa fujo. Zikipigwa kwa nguvu, "tamu" huwa "damu", "penzi" huwa "tenzi", na kazi yote ya mshairi ya kupanga vina huishia kwenye ukungu. Dawa yake haigharimu hata senti: kushusha kidogo sehemu hiyo kwenye kinanda wakati mwimbaji anapoimba, na kuirudisha wakati wa kiitikio cha ala. Mafundi mitambo wachache hufanya hivyo. Wengi humwongezea mwimbaji sauti, naye mpiga kinanda akajiongezea yake, mpaka spika zikapiga mluzi.

Kisha kuna eko. "Tia eko" ni amri inayotolewa katika kila arusi, na ina utamu wake. Chumba kikavu humfanya mwimbaji mwema aonekane amekonda. Hata hivyo, eko ya nusu sekunde humletea msikilizaji mizani iliyokwisha pita juu ya ile inayokuja, na shairi la mizani 16 haliwezi kustahimili mizani 32. Efekti ya korasi ina hila zaidi. Huchukua sauti, huiongezea nakala yake, na nakala hiyo hupanda na kushuka pembezoni mwake. Roland waliiweka ndani ya amplifaya yao ya Jazz Chorus mwaka 1975, na kwa gitaa la dansi ni neema. Kwenye Rast ni msiba: baada ya kuhangaika kuitafuta robo sauti, mtu huipaka tope isijulikane iko wapi. Mwenye pesa ya efekti moja tu na anunue pedali ya kupandisha na kushusha sauti kwa mguu. Haivutii dukani. Ndiyo itakayomfundisha kuondoka njiani mwimbaji anapofungua kinywa.

Kijana wa Ng'ambo alipata kinanda kilichotumika, amplifaya moja yenye spika ya inchi 15, na pedali hiyo. Stabilaiza aliinunua kwanza, kabla ya vyote. Aliyeishi Unguja mwaka 2008, kisiwa kilipokaa takriban mwezi mzima gizani, na tena kwa takriban miezi mitatu kuanzia Disemba 2009, njia ya umeme itokayo bara ilipoharibika, hahitaji kuelezwa jenereta la arusini linavyoweza kukifanya chombo kisahau kila kitu. Chumvi ya pwani nayo hula jeki kimyakimya. Kinanda hulala kimefunikwa kanga, na waya hufutwa kila baada ya shughuli. Mipango ya maqamu imo kwenye flashi. Imo pia kwenye kipande cha kadibodi kilichobandikwa chini ya ubao, kwa kalamu ya risasi, kama sikio la mzee lilivyoamua jioni ile waliyoketi tena: Rast, mi chini 40, si chini 45, Bayati, mi chini 55. Mbele ya hiyo ya mwisho pana alama ya kuuliza, kwa kuwa mzee alisema atakuja Alkhamisi aisikilize upya.