Mtaka cha Mvunguni

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwanafunzi wa lugha ya kigeni huinama mara mbili: huvumilia haya ya kukosea mbele ya watoto, na hukubali kufunzwa hata na asiyeafikiana naye.

Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844. Julai mwaka uo huo homa ilimuua mkewe, na binti yao mchanga akafuata. Hapakuwa na sarufi wala kamusi ya Kiswahili iliyochapishwa ya kumwongoza. Aliyezoea jinsi tatu za nomino za Kijerumani sasa alikabiliwa na ngeli zinazotawala sentensi nzima: kitabu kikubwa kimepotea, vitabu vikubwa vimepotea. Hata hivyo, alianza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo, naye kadhi wa Mombasa, Mwislamu, akamsaidia.

Ari ya Krapf ilikuwa kueneza dini. Alipoondoka pwani mwaka 1853, waumini aliowapata walikuwa wachache mno. Lakini sarufi yake ilikwisha kuchapishwa mwaka 1850, na kamusi yake ikatoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Watafiti wa Kimvita huirejelea hadi leo.

Naam, ari humfikisha mwanafunzi mlangoni tu. Akishaingia, lugha humkabidhi kazi asiyoitarajia. Kwa hivyo, anayejifunza kwa ajili ya cheti asibezwe. Ahimizwe kuinama, kwani bado hajui atakachokiokota.