Muhogo mchungu na foleni ya elektroni

TP inaendelea hapa Kilosa, vumbi la chaki hadi puani, ila leo sina malalamiko. Nina hii habari ya elektroni.

Kidato cha sita wanakariri balaa: chakula kinatoa elektroni, NADH inazibeba, zinapokezanwa ndani ya mitokondria mpaka kwa oksijeni, tunapata maji na ATP. Uliza sasa, elektroni zikishindwa kuifikia oksijeni je? Kimya.

Lakini aliyewahi kupita Mikumi analijua jibu. Lori likipinduka katikati ya barabara mle hifadhini, mabasi yanasimama mpaka Doma huko, hata yenye mafuta tangi zima. Sianidi ndiyo hilo lori. Inang'ang'ania chuma kilichomo kwenye kimeng'enya cha mwisho, saitokromu oksidesi. Elektroni hazivuki, foleni inarudi nyuma hadi kwa NADH. Mtu anahema, oksijeni tele kwenye damu, seli haziwezi kuitumia!

Na sianidi hatuifuati maabara jamani, muhogo mchungu unayo. Imefungwa ndani ya linamarini, na kimeng'enya cha kuifungua kimetengwa pembeni. Ukitafuna au ukitwanga, vinakutana. Septemba 2017 kule Kasese, Uganda, watu 98 waliugua kwa unga wa muhogo, wawili wakafa. Kwetu Tarime, mwaka 1985 wa ukame, ikaja konzo: miguu inakakamaa ghafla na hairudi tena. (Konzo inavyoharibu neva ni mjadala mwingine, siyo foleni hii tu.)

Kinachoniuma, wanaougua ndio wenye njaa. Ukame unaongeza sumu kwenye muhogo, njaa inapunguza siku za kuloweka, na mboga haina dagaa wala maharage, ambako mwili ungepata salfa ya kuigeuza sianidi ikatoka kwenye mkojo.

Bibi mwenye nyumba niliyopanga huloweka siku tatu. Nikamwelezea elektroni zote hizo. Akacheka: "Kwani mwalimu, huko chuo mmejua leo?"

Kama unga ushasagwa, uloweshe kwa maji, utandaze tabaka jembamba kwa muda wa saa mbili juani au saa tano kivulini, gesi ya sianidi ipae, halafu upike siku hiyohiyo. Ijumaa nina vipindi viwili mfululizo, nawatoa nje na ungo.