Nilimkata Mfiwa

Nilidanganya hewani. Wakati huo nilikuwa natangaza kipindi cha usiku cha muziki wa nje kwenye redio ambayo sitaitaja, maana yenyewe haikukosa chochote. Uongo wangu ulihusu wimbo mmoja wa Tristania, bendi ya hevi metali kutoka Stavanger, Norwei. Waliousikia walikuwa wachache, pengine wameshausahau. Mimi sijausahau.

Wimbo unaitwa My Lost Lenore, na umo kwenye Widow's Weeds, albamu ya kwanza ya bendi hiyo, iliyotoka mwaka 1998. Jina la albamu linataja mavazi ya mjane, nguo za eda kama tungesema huku kwetu, na muziki wake umevaa vivyo hivyo: magitaa mazito yanayokwenda polepole halafu ghafla yanafyatuka mbio, kinanda kinachojaza nyuma yake mithili ya okestra nzima, fidla hapa na pale, na nyimbo ndefu ambazo nyingi zinavuka dakika 6. Juu ya yote hayo kuna sauti zinazopingana. Vibeke Stene anaimba soprano safi, iliyonyooka, ya kanisani kabisa. Morten Veland ananguruma. Kwenye wimbo wa Angellore anaingia na mwanamume wa pili, Østen Bergøy, mwenye sauti nene lakini tulivu, anayeimba maneno yakasikika.

Mtindo wenyewe hawakuuanzisha wao. Paradise Lost wa Halifax, Uingereza, walishaweka sauti ya mwanamke kando ya mngurumo kwenye albamu yao ya Gothic mwaka 1991. Pale pale Stavanger, Theatre of Tragedy walianza mwaka 1993, na kufikia albamu yao ya kwanza, mwaka 1995, Liv Kristine na Raymond Rohonyi walikuwa wakipokezana kama watu wawili jukwaani. Tristania walichukua njia hiyo wakaiongezea kwaya na ukubwa wa simfoni. Mji mmoja wa mafuta ya petroli, wenye mvua nyingi na watu wachache mno ukiulinganisha na Dar es Salaam, ukatoa bendi mbili za namna hiyo katika muongo mmoja!

Mimi nilimpenda mwanamke tu. Kila mwanamume alipoanza kunguruma nilibonyeza kitufe cha kusogeza mbele. Nilimwona mvamizi, mtu aliyeingia studio kwa bahati mbaya na hakuna aliyethubutu kumtoa. Tena niliogopa. Nilijua wapo wasikilizaji watakaosema redio imeanza kupiga nyimbo za shetani saa tano usiku, na nilijua bosi angeniita asubuhi. Badala ya kuchagua wimbo mwingine, nikaamua kuutengeneza huu.

Niliuweka kwenye kompyuta, katika ile programu tuliyokuwa tukikatia matangazo na mahojiano. Nikaufuata mstari wa sauti kwa kipanya, kila penye mngurumo nikaweka alama, nikafuta, kisha nikaunganisha ncha mbili zilizobaki. Sehemu nyingine zilikubali. Nyingine zilikataa: ngoma ilikuwa katikati ya pigo, nikalikata pigo lenyewe, na ulipofika pale ungesema mpigaji amejikwaa. Kuna mahali ambapo kinanda kilikuwa kinapanda kuelekea kwa mwanamume. Nilipomtoa, kinanda kikawa kinapanda na kuishia hewani, halafu mwanamke anaanza upya bila sababu. Nikapunguza sauti pale ili kovu lisionekane. Nilijisifu, nawaambia kweli. Wimbo wa zaidi ya dakika 6 ulitoka haufiki 4, mwororo, unaofaa kusindikizia chai ya usiku.

Nikaupiga. Nikasema ni utunzi wa dada Vibeke Stene, jambo ambalo nilikuwa nimelibuni papo hapo.

Kabla kipindi hakijaisha, ujumbe ukaingia kwenye simu ya studio: "Kaka mtangazaji, huo wimbo una mwanaume. Umempeleka wapi?"

Hapo nilikuwa na nafasi ya kucheka na kukiri, na ningesamehewa. Nikafungua kipaza sauti nikasema kwamba hilo ni toleo maalumu, lililotolewa na bendi yenyewe kwa ajili ya redio. Nililisema kwa ile sauti ya utangazaji ambayo hata mwongo anaaminika nayo. Wiki iliyofuata yule msikilizaji akaandika tena. Ametafuta hilo toleo kila mahali, halioni. Je, naweza kumwelekeza? Sikumjibu.

Niliyoyafanya niliyaelewa baadaye, nilipokaa na kijitabu cha CD nikakisoma badala ya kutazama picha tu. Lenore ni jina kutoka kwa mshairi Edgar Allan Poe. Katika shairi lake la The Raven, lililochapishwa mwaka 1845, Lenore ni mwanamke aliyekwisha kufa. Anayeongea ni mwanamume aliyebaki, amekaa peke yake usiku wa Desemba akijaribu kumsahau na hawezi. Basi wimbo unaobeba jina hilo nimeusafisha kwa kumwondoa aliyebaki. Nimemfukuza mfiwa matangani, kisha nikawaalika watu waje kuusikiliza msiba.

Na huyo niliyemfukuza ndiye mwenye nyumba. Morten Veland alikuwa mpiga gitaa wa bendi na mmoja wa watunzi wake wakuu, pamoja na mpiga kinanda Einar Moen. Ule mpando wa kinanda niliouacha ukining'inia ulitungwa ili umfikie yeye. Miaka michache baadaye aliondoka akaanzisha bendi ya Sirenia, na huko pia akaendelea kuiweka sauti ya mwanamke kando ya mngurumo. Huyo hakuwa mtu aliyeingia studio kwa bahati mbaya.

Kuhusu mngurumo wenyewe nilikuwa mjinga tu. Niliudhani ni kupiga kelele mpaka koo lichanike. Kumbe waimbaji wake hujifunza kuzitetemesha zile nyama zilizo juu ya nyuzi za sauti huku wakiisukuma pumzi kutoka tumboni. Kule Afrika Kusini wako wanawake wa Kixhosa wanaoimba umngqokolo, sauti nzito ya kukwaruza inayotoka kooni, na hakuna anayewaita mashetani. Aibu yangu kubwa zaidi ni kwamba katika kipindi hicho hicho nilikuwa nimemsifu marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, kwa jinsi alivyoshuka kutoka sauti nyembamba ya juu hadi ile ya chini yenye mikwaruzo. Kwa Mgogo wetu nikasema ni kipaji. Kwa Mnorwei nikachukua mkasi.

Tuliosoma shule za msingi Tanzania tumeimba ngonjera. Tunajua mmoja husimama huku na mwingine kule, na kwamba beti za huyu hazina kazi bila za yule. Ndivyo Widow's Weeds ilivyojengwa. Soprano ya Stene inapoachwa peke yake ni nzuri, sibishi, lakini baada ya muda inakuwa sauti ya mtu asiyejibiwa, na mtu asiyejibiwa huchosha. Mngurumo ukirudi, ndipo unapoisikia hiyo soprano kwamba iko mbali na haifikiki. Bado zipo sehemu za albamu hii zisizonipendeza. Nyimbo mbili tatu zingefupishwa na wenyewe, na ngoma zimerekodiwa kavu mno kwa masikio yangu. Hiyo ni hukumu yangu kama msikilizaji, na ningeitoa kwa maneno, si kwa kipanya.

Kwa hiyo ndugu uliyeniandikia, kama unasoma hapa: lile toleo usilitafute tena. Halikuwahi kutolewa na bendi, na nakala niliyoitengeneza nimeifuta. My Lost Lenore ni wimbo wa 7 kwenye albamu, unavuka dakika 6, na mwanaume yumo.