Asali ya Usinge na Mfuko wa Mnunuzi

Nilipokuwa masomoni Adelaide, kusini mwa Australia, nilizoea kulisoma gazeti la Jumamosi kuanzia nyuma. Huko nyuma palikuwa na safu ya mvinyo. Mwandishi wake hakuwa akiwahudumia matajiri peke yao. Alimweleza mwenye dola 15 anunue chupa ipi kwa ajili ya nyama choma ya Jumapili, mwenye dola 30 ampelekee mama mkwe chupa ipi, na mwenye subira ya kuihifadhi kabatini miaka kumi atafute zabibu za bonde gani. Mimi si mnywaji wa kutajika, na shahada niliyoifuata huko haikuhusu mizabibu. Kilichonivuta ni heshima aliyopewa mnunuzi mdogo, na nyuma yake heshima aliyopewa mkulima. Bonde la Barossa lilitajwa kwa jina, aina ya zabibu ilitajwa, na mwaka wa mavuno ulitajwa. Sheria ya nchi ile inataka kwamba lebo ikitaja eneo, angalau asilimia 85 ya mvinyo uliomo iwe imetoka katika eneo hilo. Atakayedanganya kuhusu bonde anakabiliana na dola.

Mimi ni mtoto wa Usinge. Kwa wasiopajua, Usinge ni stesheni ya Reli ya Kati, wilayani Kaliua, ukitoka Tabora kuelekea Kigoma kabla ya kufika Nguruka. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, lakini njia ya miguu ilikuwapo zamani kabla ya Mjerumani. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipumzika Unyanyembe, kisha ikaikata nyika yetu kuelekea Malagarasi na Ujiji. Wageni walioandika habari za safari hizo katika karne ya kumi na tisa hawakuacha kuyataja malindo, yale makasha ya magome ambamo Wanyamwezi walihifadhi nafaka na vitu vyao. Nta ya nyuki kutoka huku kwetu ilisafiri hadi pwani na kuvuka bahari muda mrefu kabla mtu hajabuni neno «fursa».

Hatuna Barossa. Tuna miombo: mtundu, myombo, muba, mninga. Maua ya miti hiyo ndiyo yanayotupa asali, na asali yenyewe huuzwa bila jina la mti, bila jina la kijiji, bila mwaka. Huandikwa tu «Asali Halisi ya Tabora», na mara nyingine maneno hayo yote matatu ni ya uongo.

Nasema hivi kwa uchungu wa mtu aliyeaibika. Miaka michache iliyopita tulikwenda Kisarawe kupeleka barua ya posa ya mdogo wangu. Mjomba wangu, mrina asali tangu ujana wake, alipanda gari moshi kutoka Usinge kuja kuwa msemaji wetu. Dumu lake la asali lilipasuka njiani, nami nikamwambia asihangaike, kwani ningenunua nyingine. Nikanunua kando ya barabara chupa tatu nzuri, zenye lebo ya rangi na picha ya nyuki. Wenyeji wetu Wazaramo, ambao kwetu ni watani tangu enzi za wapagazi, wakazifungua hapohapo ukumbini. Shangazi wa binti akachovya kidole, akaonja, akanyamaza kidogo, kisha akawaambia wenzake: «Jamani, Wanyamwezi wametuletea sukari guru.»

Watu walicheka, maana utani ni utani. Mjomba hakucheka. Tulipokuwa kwenye gari tukirudi mjini aliniambia neno moja tu: «Mjomba, una shahada tatu na hujui kununua asali.»

Tangu siku hiyo nimejifunza. Ninachokiandika hapa nimekitoa kwake, na kidogo kwenye vitabu, na kingi katika makosa yangu mwenyewe.

Kwanza tuondoe ushirikina. Kuwasha njiti ya kiberiti iliyochovywa katika asali hakuthibitishi chochote. Shira nzito ya sukari hufaulu mtihani huo pia. Sisimizi si maofisa wa viwango, wala tone linalozama katika glasi ya maji bila kutawanyika si ushahidi. Na asali iliyoganda si asali iliyochakachuliwa. Kuganda ni tabia ya asali nyingi halisi, hasa ikikaa mahali pa baridi, kwa sababu sukari ya glukosi iliyomo hujitenga na kufanya chembe. Wako wafanyabiashara waaminifu waliorudishiwa mzigo kwa sababu uliganda, wakati mteja yuleyule akifurahia shira isiyoganda kamwe. Ukitaka irudi kuwa laini, iweke chupa katika maji ya uvuguvugu, usiipeleke motoni.

Kipimo cha maana ambacho kila mtu anacho jikoni au dukani kwa jirani ni mizani. Lita moja ya asali iliyokomaa ina uzito wa karibu kilo moja na gramu 400. Kwa hiyo chupa ya nusu lita iwe na asali ya karibu gramu 700. Ikipungua sana, umeuziwa maji, na asali yenye maji mengi huchacha. Viwango vya kimataifa vinataka maji yasizidi asilimia 20. Mizani haitakukinga na sukari, kwa kuwa shira nzito nayo ina uzito. Itakukinga na maji, na itakufungua macho kuhusu jambo jingine nitakaloligusa baadaye.

Sasa tuje kwenye mfuko. Kwa chai na uji wa kila siku, nunua asali nyeusi yenye harufu ya moshi, ile inayouzwa katika chupa za maji zilizotumika, bila lebo. Kwetu hutembezwa madirishani gari moshi linaposimama. Moshi huo unatokana na mienge ya magome wanayotumia warina wa mizinga ya asili, na wasindikaji wakubwa huikataa kwa sababu hiyo, ndiyo maana bei yake ni ya chini. Msimu uliopita nilinunua lita nzima kwa shilingi 7,000. Usiione duni. Katika chai ya rangi yenye tangawizi haina mpinzani, na sisi tuliolelewa nayo hatuoni ladha katika asali isiyo na moshi. Wahi tu kuangalia kama juu yake pana povu na harufu ya pombe.

Kwa zawadi, jifunze kutoka katika aibu yangu: nunua masega. Kipande cha sega kilichofunikwa kwa nta na nyuki mwenyewe ni muhuri ambao mlaghai hawezi kuughushi kwa urahisi. Ukikosa masega, tafuta asali ya rangi ya dhahabu iliyovunwa katika mizinga ya masanduku na kukamuliwa bila kupikwa, kutoka kwa chama au kikundi chenye jina la kijiji na namba ya simu inayopokelewa. Hapo utatoa shilingi 12,000 hadi 15,000 kwa kilo, nami naona ni halali. Piga simu hiyo kabla ya kulipa. Uliza asali imevunwa mwezi gani na katika msitu gani. Mwenye mzinga atakujibu kwa kirefu hadi salio liishe, mwenye sufuria la sukari atakwambia «ni orijino, bosi.»

Asali ya nyuki wadogo wasiouma ni habari nyingine. Ni nyepesi kama maji, ina ukakasi na uchachu, na bei yake ni mara kadhaa ya asali ya kawaida kwa kuwa mzinga mmoja hutoa kidogo mno. Huuzwa kama dawa ya kila kitu. Mimi humnunulia mama chupa ndogo kwa sababu anaipenda, nami sijengi hoja zaidi ya hiyo. Kwa kuwa tumegusa dawa: kijiko cha asali hutuliza kikohozi cha mtoto mkubwa, lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali yoyote, hata iwe ya Usinge, maana inaweza kubeba vijidudu ambavyo utumbo wake bado hauwezi kuvidhibiti. Bibi zetu hawakulijua hili, na heshima kwao haituzuii kulijua.

Wanaokunywa wasidhani nimewasahau. Kuna wanzuki, pombe ya asali ya huku kwetu, ambayo huwezi kuipata kwenye rafu yoyote inayojiheshimu. Na kuna mvinyo wa Dodoma, wa zabibu zinazovunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo Barossa hailiwezi. Nimehudhuria hafla za kiserikali katika jiji hilohilo la Dodoma ambapo meza kuu ilikuwa na chupa kutoka Afrika Kusini, huku wakulima wa Hombolo wakitafuta mnunuzi. Katika semina zetu nako, chai hupambwa kwa vipakiti vya asali vilivyosafiri kwa ndege. Ndugu zangu maofisa ugavi, ninyi ni wasomaji wangu, nawajua. Mahitaji ya semina mnayaandika ninyi. Neno «asali ya nchini, yenye jina la kijiji» linaenea katika mstari mmoja.

Nilisema mizani itafungua macho. Mjomba huuza asali yake kwa ndoo. Ndoo ya lita 20, ikijazwa asali iliyokomaa, ina kilo 28. Mnunuzi anayekuja na fuso haitaji kilo hata siku moja, anataja ndoo. Msimu uliopita alimlipa mjomba shilingi 120,000 kwa ndoo. Mzigo uleule ukifika Dar es Salaam unageuka ghafla kuwa kilo, na kwa shilingi 12,000 kwa kilo ni shilingi 336,000. Usafiri una gharama, chupa zina gharama, na faida si dhambi. Lakini mtu mmoja katika biashara hii anapima kwa ujazo na mwingine anapima kwa uzito, na asiyeambiwa tofauti ni yuleyule aliyelala msituni wiki tatu akichomwa na nyuki.

Nilipomfanyia mjomba hesabu hii kwenye karatasi alinitazama kama mtu aliyeletewa taarifa ya msiba wa zamani. «Kwa hiyo tangu enzi za baba yangu,» alisema, na hakuimalizia sentensi.

Nina sababu ya kumng'ang'ania msomaji na kilo zake. Mabinamu zangu wawili wameacha mizinga na kulima tumbaku. Siwalaumu. Chama cha msingi kinawakopesha mbolea na mbegu kabla ya msimu, na nyuki hawakopeshi mtu. Lakini tumbaku ya mvuke hukaushwa katika mabani kwa kuni, na kuni hizo ni mtundu na myombo, ndiyo miti inayotoa maua ya asali. Dawa zinazopulizwa mashambani nazo hazimbagui mdudu. Wala sitaki kumvika mrina asali joho la utakatifu: mzinga wa gome hutengenezwa kwa kuuvua mti ngozi yake, na mti huo hufa. Mjomba mwenyewe amevua mingi. Ndiyo maana namsihi ahamie kwenye masanduku, naye hunijibu kwamba sanduku moja la mbao linataka fedha ambazo ndoo yake haijawahi kumlipa. Kwa hapo hana makosa. Sera ya Taifa ya Ufugaji Nyuki ni ya mwaka 1998, Sheria ya Ufugaji Nyuki ni ya mwaka 2002, chuo cha fani hiyo kiko Tabora mjini, na tumewahi kuwa na Waziri Mkuu, Mizengo Pinda, aliyeifuga mizinga na kuihubiri nchi nzima. Mizani katika kituo cha kununulia asali Usinge bado haijafika.

Mwaka jana nilimnunulia mjomba mizani ya kuning'iniza, ya kilo 50, katika duka la vifaa mjini. Haikuzidi bei ya chupa mbili za zile nilizopeleka Kisarawe. Ameitundika kwenye tawi la mwembe mbele ya nyumba. Mnunuzi wa kwanza aliyeiona, anasema, aligeuza gari bila kushuka. Wa pili alikaa, akanywa maji, akabishana hadi jua likatua, akaondoka na ndoo nne zilizopimwa kwa kilo. Wa tatu hajatokea, na ndoo sita zingali ndani, chini ya kitanda.

Mdogo wangu na mkewe wanatarajia mtoto wa pili. Shangazi wa Kisarawe ametuma ujumbe kwamba safari hii anataka asali, na kwamba ataionja yeye kabla ya mtu mwingine yeyote. Nimempelekea mjomba nauli ya gari moshi, na nimemwambia asiiweke katika dumu.