Daktari, naomba kuona takwimu zako

Nimekuwa kimya wiki mbili hizi kwa sababu nimekuwa nikizunguka kliniki za macho hapa Nairobi na mama yangu. Ana mtoto wa jicho upande wa kulia. Jicho la kushoto lilipotea miaka mingi iliyopita kwa presha ya macho, kwa hivyo hili la kulia ndilo pekee lililobaki. Hakuna bakapu.

Kazini, mtu akitaka kugusa seva yetu moja isiyo na nakala, namuuliza kwanza: umeifanya kazi hii mara ngapi, na ngapi ziliharibika? Basi nikaandika maswali manne kwenye karatasi. Mwaka jana ulipasua mtoto wa jicho kwenye macho mangapi? Mangapi yalifika 6/18 au zaidi baada ya wiki kadhaa? Mfuko wa lenzi ulipasuka mara ngapi? Na maambukizi ndani ya jicho je?

(6/18 ni kuona ukiwa mita 6 kile ambacho jicho zima huona likiwa mita 18.) Kipimo hicho sikukitunga mimi. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza zamani kwamba angalau macho 80 kati ya 100 yaliyopasuliwa yafike 6/18 kwa miwani ambayo mgonjwa anayo, na yanayobaki chini ya 6/60 yasizidi 5. Siku hizi linatumia 6/12, ambayo ni ngumu zaidi. Mfuko nao ni utando mwembamba unaoshika lenzi ya asili. Daktari huitoa lenzi iliyofifia na kuweka ya plastiki humo humo. Ukipasuka, mambo yanakuwa magumu. Uingereza chuo cha madaktari wa macho, Royal College of Ophthalmologists, hukusanya hesabu za mifuko iliyopasuka na kuzichapisha. Kwa hivyo kuuliza si matusi.

Daktari wa kwanza alicheka. "Mama, huyu kijana wako ni wakili?" Kisha akaniambia hakuna mgonjwa wake aliyewahi kulalamika. Jamani! Programu isiyoletewa ripoti za hitilafu huenda haina watumiaji. Na mgonjwa ambaye jicho lake limeharibika hurudi kwao mashambani kimya kimya, hapandi matatu kuja kulalamika. Tulimshukuru, tukaondoka.

Wa pili ni mama wa makamo. Alisoma karatasi yangu yote, akasema katika macho 30 ya mwisho hakupasua mfuko hata mmoja. Nikapiga hesabu ya haraka. Ukipata sifuri, gawanya 3 kwa idadi ya majaribio: 3 kwa 30 ni asilimia 10. Yaani sifuri kati ya 30 bado inaruhusu kiwango halisi kufika karibu asilimia 10. Nilimwambia hivyo kwa adabu. Akafungua droo, akatoa kitabu kikubwa cha kaunta, akakigeuza upande wangu.

Tarehe, jicho, uono kabla, uono siku ya kwanza, uono wiki ya sita, matatizo. Kurasa na kurasa. Mifuko iliyopasuka ilikuwa imeandikwa kwa wino mwekundu, na kwa mkono wake mwenyewe. Hapo ndipo nilipoanza kumwamini.

Lakini safu ya wiki ya sita ilikuwa na mapengo mengi. Nikamuuliza: hawa hawakurudi kwa sababu wanaona vizuri, au kwa sababu wameharibikiwa?

"Sijui," akasema. "Hilo linanisumbua hata mimi."

Akaongeza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria vya kutosha. Daktari anayetaka takwimu nzuri tu atakataa macho magumu, na la mama ni gumu: lenzi imekomaa ikawa ya kahawia, na mboni haifunguki vizuri. Wastani wa kitabu kizima hauwezi kumsemea.

Kuhusu mapengo, tumekubaliana nimwandikie programu ndogo ya kutuma SMS kwa wagonjwa wiki ya tano. Wasioweza kuja wapimwe nyumbani kwa simu. Peek Acuity, programu ya Android ya kupima uono, ilijaribiwa hapa kwetu Nakuru na matokeo yakachapishwa mwaka 2015, kwa hivyo si ndoto. Kodi nitaiweka hapa ikiwa tayari.

Muda huo wote mama alikuwa ametulia na mkoba mapajani. Tulipoinuka, akauliza swali ambalo halikuwa kwenye karatasi yangu.

"Daktari, ni wewe mwenyewe utakayeshika kisu, ama ni mwanafunzi wako?"

"Ni mimi, Mama."

"Haya. Andika Jumanne."