Kardani fupi ya dola 180

Wasomaji wangu wa Kolwezi na wa barabara ya Mutshatsha, leo siandiki juu ya foleni ya malori ya shaba wala juu ya umeme. Naandika juu ya chuma kimoja kirefu kilicho chini ya gari ya familia yetu. Wengi mliniuliza kwa nini nilinyamaza wiki mbili. Sababu ni hicho chuma.

Gari ni Land Cruiser HZJ79, pick-up, mashine ya 1HZ ya lita 4.2, isiyo na turbo wala kompyuta. Tuliinunua pamoja mimi na shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, na yeye ndiye anayeiendesha. Inatoka Manika alfajiri, inapita Kanzenze, inafika Mutshatsha na vijiji vya kule. Inapeleka chumvi, sabuni na watu. Inarudi na makala, mihogo, mahindi na watu. Reli ipo, ile ya Tenke hadi Dilolo iliyofunguliwa 1931, lakini mama mwenye mtoto mgonjwa hawezi kukaa gare akingoja treni isiyo na siku. Basi watu wanapanda nyuma, juu ya magunia. Hao watu wa nyuma naomba msiwasahau, nitawarudia.

Kardani ninayoisema ni ile ndefu inayotoka upande wa bwati na kupeleka nguvu ya mashine kwenye ponti ya nyuma. Ndugu zetu wa Tanzania wanaiita propela. Hapa kwetu wengine wanaita kardani hata vile vyuma vifupi vya magurudumu ya mbele ya gari ndogo, kwa hiyo ukienda kununua eleza vizuri. Kila ncha yake ina krwaziyo, chuma chenye umbo la msalaba na vikombe vinne vyenye visindano vya chuma ndani. Visindano hivyo vinaishi kwa grisi. Ukivuka maji kila siku bila kutia grisi mpya, kutu inaingia, na gari inaanza kulia kwi-kwi-kwi inapoondoka.

Yetu ililia mwezi mzima. Shemeji alisema ni amortisa. Mimi nilisema ni barabara.

Ilikatika mwezi wa Februari, mvua bado nzito, gari ikirudi Kolwezi ikiwa imeshapita Kanzenze. Krwaziyo ya nyuma ilipasuka, ikavunja na sikio la chuma kinachoishika. Kardani ikaanguka upande wa nyuma, ikaburuzwa na kupinda. Ilipiga chini ya karoseri mara mbili, mama mmoja aliyekaa juu ya gunia la makala akapiga kelele kabla dereva hajasikia kitu. Hakuna aliyeumia. Shemeji alitoa vyuma kwa ufunguo namba 14, akafunga magurudumu ya mbele, akaweka 4x4, na gari ikarudi polepole ikivutwa na mbele tu. Uzuri wa Land Cruiser ni huo, inakurudisha nyumbani hata kama hukuistahili.

Gari ikilala, nyumba ya dada yangu inalala. Watoto wawili wa sekondari walikuwa wanadaiwa minervali. Na tangu serikali isimamishe usafirishaji wa kobalti Februari 2025, watu wetu wawili watatu waliokuwa wanatusaidia kwa makuta hawasaidii tena. Dada akatoa pesa yake ya likelemba, dola 180, akaniweka mkononi: «We unajua kusoma, enda ununue.»

Nilikwenda. Muuzaji alinionyesha kardani nzuri, imepakwa rangi nyeusi inang'aa. Nikauliza kama ni ya Land Cruiser. Akajibu ndiyo. Hakudanganya. Nililipa, nikaibeba begani mpaka kwa mzee anayetutengenezea gari, nikijiona mtu wa maana.

Mzee hakuigusa. Aliitazama tu ikiwa begani mwangu.

«Mwanangu, hii haina ya 79. Hii ni ya 78.»

Sikuelewa, akanieleza. HZJ78 ni ile ya mwili mrefu uliofungwa, mnaijua kwa ambulansi nyingi. Kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma ina milimita 2,980. Ya kwetu, 79, ina 3,180. Sura ya mbele inafanana, mashine inaweza kuwa ile ile, lakini kuna sentimita 20 katikati. Kardani ina sehemu inayojivuta na kujirudisha, ni kweli, ili ponti iweze kupanda na kushuka kwenye mashimo. Lakini mchezo huo ni wa sentimita chache tu, hauwezi kuziba 20.

Nilirudi kwa muuzaji. Pesa ilikuwa imeshaingia kwenye mfuko ambao hautoi.

Basi tukafanya kile ambacho wengi wangefanya. Kuna kijana anayekereza vyuma na kuchomelea, mkono wake mzuri kweli. Alisema atakata bomba la kardani katikati, ataongeza kipande, dola 60, kesho jioni tayari. Shemeji alikubali. Mimi pia nilikubali, nasema wazi, tena kwa furaha, kwa sababu ingefuta kosa langu na dada asingejua.

Mzee alikataa kuifunga. Alisema hivi tu: «Ikikatika, ni mi niliifunga.» Kisha akaniambia nihesabu, kwa kuwa najua kusoma. Gari ikienda kilomita 80 kwa saa, gurudumu letu linazunguka mara 500 na kitu kwa dakika, na ponti ina meno yanayofanya kardani izunguke mara nne na zaidi kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Nikahesabu: zaidi ya mara 2,000 kwa dakika. Bomba lililounganishwa likipinda kidogo, jicho halioni, lakini kwa mizunguko hiyo linapiga kama nyundo. Linakula krwaziyo, linakula beringi za bwati, halafu mahali palipochomelewa panapasuka. Ikianguka upande wa nyuma, kama ilivyotutokea, inaburuzwa. Ikianguka upande wa mbele, inachoma ardhi kama mkuki na kuinua gari. Na hapo juu kabisa ndipo watu wamekaa.

Siyo kwamba kurefusha kardani ni uchawi. Penye mashine ya kusawazisha inafanyika, tena vizuri. Zile bati ndogo mnazoona zimeshikizwa kwenye bomba ni uzito wa kusawazishia, msizing'oe. Kijana wetu alikuwa na mashine ya kukereza na ya kuchomelea. Ya kusawazisha hakuwa nayo.

Usiku ule sikulala vizuri. Mwaka jana niliandika mahali hapa hapa, kwa hasira, juu ya wenye magari wanaobeba watu kwa vyuma vya kuungaunga. Watu walinipongeza.

Asubuhi nilimwambia dada ukweli. Hakunitukana, na hilo liliuma zaidi. Tukaanza kutafuta upya. Mpya ya kiwanda, kwa bei tuliyopewa Lubumbashi, dola 700: tuliiacha hapo hapo. Ya kuiga, mpya, dola 260. Hii ilinivuta sana, lakini krwaziyo zake hazikuwa na chuchu ya kutia grisi. Kwa gari ya barabara ya lami sina neno. Kwa gari inayovuka maji ya Mutshatsha, sitaki krwaziyo nisiyoweza kuilisha. Ya tatu ilikuwa okazyon huko Likasi, imetolewa kwenye 79 iliyogongwa mbele, dola 300 na mazungumzo. Niliuza jenereta yangu ndogo. Sasa mnajua kwa nini sikuandika.

Safari hii tulikwenda na mzee, na mita. Kabla ya kuondoka alikuwa amepima gari yetu ikiwa imesimama kwa magurudumu yake mahali tambarare. Ukiinyanyua kwa jeki, ponti inaning'inia na kipimo kinadanganya. Alipima kutoka uso wa flanji hadi uso wa flanji, akapima na nafasi za bulonі nne. Huko Likasi alipima tena, akaviringisha bomba juu ya meza akitafuta mbonyeo, akashika sehemu inayojivuta akaitikisa kushoto kulia. Ikicheza kwa vidole, usinunue. Haikucheza. Krwaziyo hakuzitazama hata kidogo. «Hizo tutabadilisha zote,» alisema, «haziombi maoni.»

Tulipunguziwa hadi 270. Krwaziyo mbili mpya zenye chuchu tulizipata Kolwezi.

Ilifungwa siku ya Jumatano, na tulipoijaribu ilitetemeka. Ilipofika 60 kioo cha pembeni kilikuwa kinacheza mutwashi. Nilijua nimepoteza na jenereta. Mzee aliingia chini, akatoka anacheka: msaidizi wake, alipoirudisha ile sehemu inayojivuta, alikosea jino moja. Masikio ya ncha ya mbele na ya ncha ya nyuma lazima yalingane mstari mmoja. Yakipishana hata kidogo, kardani nzima inatetemesha gari. Aliifungua, akailinganisha, akapiga alama mbili kwa patasi ili mwingine asikosee. Tulikwenda hadi 80. Kioo kilitulia.

Ijumaa shemeji aliondoka na watu tisa nyuma. Alifika, akapiga simu, akasema tu kwamba gari hailii. Pampu ya grisi sasa inakaa chini ya kiti cha dereva, na dada yangu ndiye anayeuliza kila Jumapili kama imetumika. Bado namdai nafsi yangu dola 180 zake. Namlipa kidogo kidogo.

Kardani fupi iko nyuma ya mlango wa nyumba yangu. Ni nzima, haikukatwa. Mwenye HZJ78 anayeihitaji aje aione, na aje na mita.